Albrecht von Graefe, Tabibu wa Macho

Zamani, mtu aliyeshikwa na maradhi ya macho yaitwayo glakoma hakuwa na tumaini. Mara nyingine maradhi hayo huja kwa ghafula. Jicho huwa jekundu na kuuma sana, kichwa huuma vilevile, hata mgonjwa hutapika. Akitazama taa usiku, huona duara za rangi zikiizunguka, mfano wa upinde wa mvua. Na jicho likibonyezwa juu ya kope, ni gumu kama jiwe. Waganga walimwekea mgonjwa miruba ili wanyonye damu, wakampa na dawa za namna nyingi, lakini hazikufaa kitu. Wengi walipofuka. Tena upofu huu si kama ule wa mtoto wa jicho, ambao mpasuaji aweza kuuondoa; nuru iliyopotea kwa glakoma hairudi tena. Aliyewapatia wagonjwa hao njia ya kuokoka ni Albrecht von Graefe.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1828 katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mpasuaji mashuhuri, lakini alifariki mwaka 1840, mtoto alipokuwa na umri wa miaka 12 tu. Albrecht alisoma utabibu katika mji ule ule, akahitimu mwaka 1847. Kisha akasafiri Prague, Paris, Vienna na London, akajifunza kwa mabingwa wa macho wa zamani hizo. Aliporudi kwao akafungua hospitali ya macho. Sifa zake zikaenea, wagonjwa wakamjia hata kutoka nchi za mbali, na maskini aliwatibu bila malipo.

Mwaka 1851 mtaalamu mmoja, Hermann von Helmholtz, aliwatangazia watu chombo kidogo cha vioo alichokibuni. Chombo hicho kilipeleka nuru ndani ya jicho kwa njia ya mboni, hata tabibu akaweza kuona sehemu ya nyuma, ambayo haikupata kuonekana katika jicho la mtu aliye hai. Graefe alifurahi mno, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kukitumia. Akatazama macho ya wagonjwa wa glakoma, akakaza nadhari pale ambapo mshipa wa fahamu wa kuonea huingia katika jicho. Akaona mahali pale pamebadilika, akadhani pamevimba na kutokeza mbele. Akaandika hivyo katika jarida la matibabu ya macho alilolianzisha mwaka 1854.

Lakini alikuwa amekosea. Kutazama kwa jicho moja kupitia chombo kile kulimdanganya, kwani shimo na kichuguu huweza kufanana. Baada ya muda mfupi tabibu mwenzake, Adolf Weber, alimwonyesha kwamba mahali pale hapakuvimba, bali pamebonyea. Graefe alikuwa kijana mwenye sifa kubwa, na wengine wangaliona haya kukiri kosa mbele ya watu. Yeye alipima neno lile, akaliona kuwa kweli, akalisahihisha waziwazi katika maandishi yake.

Kukiri huko ndiko kulikomfungulia njia. Maana ikiwa mshipa umebonyea, basi kuna kitu kinachousukuma kutoka ndani. Graefe akatambua kwamba ndani ya jicho lile mna mkazo mwingi kupita kiasi, nao ndio unaouua mshipa. Kwanza alitoboa jicho ili kumwaga maji yaliyomo. Maumivu yakapungua, lakini baada ya siku chache mkazo ukarudi. Ndipo akakumbuka kwamba katika maradhi mengine alipokata kipande cha lile duara la rangi linaloizunguka mboni, jicho lililokuwa gumu lililainika. Mwaka 1856 akaanza kufanya hivyo kwa wagonjwa wa glakoma. Alifungua mlango mdogo ukingoni mwa jicho, akalivuta duara lile kwa koleo nyembamba, akakata kipande kidogo kwa mkasi. Macho yakalainika, maumivu yakakoma, na waliotibiwa mapema wakaendelea kuona. Mwaka 1857 akawaandikia matabibu wengine habari hizo, nao wakaifuata njia yake katika nchi nyingi.

Graefe hakujua vema kwa nini njia yake ilifaa. Leo twajua. Maji ya jicho hutengenezwa nyuma ya lile duara la rangi, hupita katika mboni, kisha hutoka kwa mifereji myembamba iliyo pembeni mbele. Katika macho mengine njia ya mboni huzibwa. Maji hukusanyika nyuma, hulisukuma duara mbele, nalo huiziba mifereji, kama majani yazibavyo mfereji wa birika. Tundu huyapa maji njia nyingine, duara hurudi nyuma, na mifereji hufunguka. Siku hizi matabibu hutoboa tundu hilo kwa mwali wa leza, pasipo kisu.

Wala hakuwadanganya watu kwamba amezishinda glakoma zote. Aliona kwamba iko namna nyingine, ijayo polepole pasipo maumivu, ambayo kwayo upasuaji wake haukufaa sana. Naye aliyasema hayo wazi. Kwa namna hiyo wengine walitafuta njia nyingine baada yake.

Mwili wake haukuwa na nguvu. Alishikwa na kifua kikuu, lakini aliendelea kutibu na kufundisha. Alifariki Berlin tarehe 20 Julai 1870, akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1882 sanamu yake ilisimamishwa katika mji huo, karibu na hospitali ya Charité. Aliacha kazi kubwa kwa miaka michache, na mwanzo wa iliyo kubwa kuliko zote ulikuwa kukubali kwamba amekosea.