Maisha ya Bwana F. W. Raiffeisen, Mwasisi wa Ushirika wa Mikopo Vijijini

Wakati huu tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tumkumbuke mtu ambaye hakupata kuiona nchi yetu, lakini njia aliyoifungua ndiyo tuipitayo hadi leo. Mtu huyo ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani. Maisha yake yanatupa jibu la swali lisilokoma mikutanoni: msaada wa Serikali uishie wapi, na jitihada ya wanachama ianzie wapi?

Alizaliwa tarehe 30 Machi, 1818, katika kijiji cha Hamm kando ya mto Sieg, akiwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alishikwa na maradhi, mali ya nyumba ikapungua. Kwa hiyo kijana hakupata elimu ya shule za juu, bali alifundishwa na mchungaji wa kwao. Alipokuwa na miaka 17 aliingia jeshini katika kikosi cha mizinga, lakini ugonjwa wa macho ulimtoa mwaka 1843. Akaingia kazi ya Serikali ya Prussia, na mwaka 1845 akawekwa kuwa meya wa vijiji vya Weyerbusch.

Huko alikutana na njaa kuu ya majira ya baridi ya 1846 na 1847. Serikali ilileta unga, lakini kwa sharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu tu. Na maskini fedha hawakuwa nazo. Bwana Raiffeisen hakungoja amri nyingine. Aliwakusanya wenye uwezo wakatoa fedha, unga ukagawiwa kwa mkopo, tanuri ya kuoka mikate ikajengwa, na mikate ikauzwa kwa bei nafuu. Chama hicho cha mikate kilinunua pia mbegu za viazi ili watu wapande.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko wakulima walikuwa wametiwa utumwani na wakopeshaji wa riba: mtu alikopa ng'ombe, akashindwa kulipa, akanyang'anywa ng'ombe na shamba pia. Mwaka 1849 aliunda chama ambacho watu 60 wenye mali walikidhamini. Chama kilinunua ng'ombe na kuwauzia wakulima, nao wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano.

Mwaka 1852 alihamia Heddesdorf, na mwaka 1854 akaanzisha chama cha hisani, kilichokopesha wakulima na pia kutunza yatima na kuwatafutia kazi waliotoka kifungoni. Hapo ndipo alipopata funzo kubwa la maisha yake. Wenye mali walianza kuchoka, maana wao walitoa dhamana lakini hawakuwa na haja ya mkopo. Na wakopaji hawakuwa na sauti wala wajibu. Msaada utokao juu haudumu. Basi mwaka 1864 chama kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo, na anayetaka mkopo sharti awe mwanachama.

Kanuni zake zilikuwa chache. Chama kiwe cha eneo dogo, watu wajuane tabia. Wanachama wote wadhamini deni la chama kwa mali yao yote. Halmashauri itumike bila mshahara, na mtunza hesabu peke yake alipwe. Faida iwekwe katika akiba isiyogawanywa.

Mwaka 1865 alistaafu kwa ajili ya afya mbaya. Macho yalikuwa yamefifia, na binti yake Amalie akawa msaidizi wake katika kuandika. Kitabu chake juu ya vyama hivyo kilitoka mwaka 1866, na mafundisho yake yakaenea. Baadaye alijenga benki kuu ya vyama, ili chama chenye akiba nyingi kisaidie chenye upungufu. Alifariki Neuwied tarehe 11 Machi, 1888.

Baada ya kufa kwake Serikali ilishika sehemu yake. Sheria ya mwaka 1889 ilivilazimisha vyama kukaguliwa hesabu zao, na mwaka 1895 Prussia ikaanzisha benki ya kuvikopesha vyama vikuu vya ushirika. Lakini fedha hizo ziliwakuta watu waliokwisha kujipanga.

Njia ilifika kwetu kwa kupitia India. Huko Frederick Nicholson, afisa wa Serikali ya Madras, alishauri mfano wa Raiffeisen ufuatwe, na sheria ya ushirika ikapitishwa mwaka 1904. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilifuata mfano wa India, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha Chama Kikuu chao.

Sisi pia tumeona hatari ya Serikali kuvuka mpaka. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri yake, na kazi zao zikakabidhiwa mashirika ya umma. Ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe.

Basi ndugu wanachama, tuiombe Serikali sheria njema, ukaguzi wa kweli, elimu ya makarani wetu, na mkopo wa kuanzia pale panapohitajika. Lakini tusiiombe ituwekee akiba, wala ituchagulie viongozi, wala itusamehe deni tulilokopeshana wenyewe. Hayo ni yetu. Mkopo unaorudishwa kwa wakati leo ndio utakaompatia jirani mbegu msimu ujao.