Carey Francis: Mwanahisabati aliyekataa mtihani wa pembeni kwa Mwafrika

KATIKA nchi kavu ya Marungu, pale barabara kuu na reli ya kutoka Mombasa zinapopita Maungu kabla ya kufika Voi, mtoto anayemaliza Gredi ya 9 sasa hutakiwa kuchagua njia ya maisha yake. Tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoanza masomo Januari 2026, mwanafunzi hufuata mmoja kati ya mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani ya mkondo huo huchukua masomo matatu ya hiari, mbali na yale ya lazima.

Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 14 au 15, naye mzazi anayeishi kati ya ranchi na mbuga ya Tsavo, ambako ndovu humaliza mahindi kabla ya mavuno, hana budi kuuliza kama shule ya kutwa iliyo karibu ina mwalimu wa fizikia, na kama ina maabara. Karatasi ya uchaguzi ni pana kuliko shule yenyewe.

Ubishi kuhusu nani asome nini ni mkongwe nchini Kenya. Miongoni mwa waliousukuma kwa nguvu zaidi, na waliouacha na alama isiyofutika, ni Mwingereza mmoja aliyekuja kufundisha hesabu na asirudi kwao: Edward Carey Francis.

Francis alizaliwa London mnamo Septemba 1897. Alipigana Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza akiwa afisa wa mizinga, kisha akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge, ambako alifaulu hisabati kwa daraja la kwanza. Mapema katika miaka ya 1920 Chuo cha Peterhouse, pia cha Cambridge, kilimchagua kuwa mwanachuo wake na msimamizi wa masomo ya hisabati. Kwa mtu wa umri wake hiyo ilikuwa nafasi ya kukaa nayo hadi uzeeni.

Aliiacha mwaka 1928. Akiwa mlei katika Shirika la Misheni la CMS la Kanisa la Anglikana, alisafiri hadi Maseno, Nyanza, kuwa mwalimu mkuu wa shule iliyoanzishwa na wamishonari hao mwaka 1906. Hakuoa. Aliishi maisha ya mtu asiye na mali, na wanafunzi walimzoea akiwa katika kaptura na soksi ndefu, akikimbia na mpira uwanjani jioni baada ya kusahihisha madaftari.

Ili kuelewa uzito wa kazi yake ni lazima kukumbuka hali aliyoikuta. Mwaka 1924, miaka minne kabla ya kufika kwake, Tume ya Phelps-Stokes iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones wa Marekani, akiandamana na James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Kenya na nchi jirani. Tume hiyo ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, useremala, usafi na afya. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa shabaha hiyo.

Ushauri huo ulikuwa na hekima yake, kwa maana hakuna jamii inayoishi bila wakulima na mafundi. Tatizo lilikuwa mahali ulipotumiwa. Mtoto wa Kizungu hakuambiwa asome useremala badala ya aljebra. Walowezi waliupokea kwa furaha kwa sababu uliahidi vibarua wenye ujuzi kidogo na wasio na cheti cha kushindana na watoto wao. Waafrika wengi waliuona hivyo pia, na ndiyo maana neno elimu ya ufundi lilibeba harufu mbaya nchini kwa miaka mingi.

Francis hakudharau kazi ya mikono. Katika shule zake kila mvulana alifyeka nyasi, alifagia na alichimba, awe mwana wa chifu au wa maskini. Lakini darasani msimamo wake ulionekana katika matendo: mvulana Mwafrika afundishwe hesabu na Kiingereza kwa kiwango kilekile kilichotakiwa Uingereza, kisha apimwe kwa kipimo kilekile. Aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Waafrika, na akaendelea kushika chaki mwenyewe hata alipokuwa mwalimu mkuu. Miongoni mwa waliopita Maseno wakati wake ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka 1940 alihamishiwa Kikuyu kuongoza Shule ya Upili ya Alliance, akichukua nafasi ya G.A. Grieves. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa Machi 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, CMS ikiwa mmoja wao, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoa elimu ya upili kwa Waafrika nchini.

Kwa Wataita jambo hili lilikuwa na maana ya pekee. CMS ilikuwa imefika kwao mapema mno. Joseph Alfred Wray alipiga kambi Sagalla, mlima unaouangalia mji wa Voi, mwaka 1883, hata kabla ya reli. Walakini kuwa na misheni ya zamani hakukuwa sawa na kuwa na shule ya upili. Kijana wa Taita aliyetaka kupanda zaidi ya madarasa ya misheni alilazimika kutazama mbali, na reli inayopita Maungu na Voi ndiyo iliyokuwa njia ya kufika Kikuyu.

Wengine hawakuwa hata na kituo cha kuanzia. Majirani wa Marungu, yaani watu wa Kasigau, walihamishwa kwa nguvu na Waingereza mwaka 1915 na kupelekwa Malindi, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani waliokuwa wakipigana kutoka upande wa Tanganyika. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Hawakuruhusiwa kurudi kwenye mlima wao hadi miaka ya 1930. Alliance ilipofungua milango, watoto wa Kasigau walikuwa bado uhamishoni. Mjadala wa masomo gani yafundishwe haukuwafikia kabisa.

Chini ya Francis, Alliance ilielekezwa moja kwa moja kwenye Cheti cha Shule cha Cambridge. Mtihani huo haukuwa na huruma. Masomo yalipangwa kwa makundi, na mtahiniwa alipaswa kufaulu katika idadi maalumu ya masomo kutoka makundi mbalimbali. Kiingereza kilikuwa cha lazima; aliyeshindwa Kiingereza alikosa cheti kizima hata kama alikuwa hodari wa kemia. Chaguo la mwanafunzi lilikuwa finyu. Alisoma kile ambacho Cambridge ilikitambua na ambacho shule ilikuwa na mwalimu wake.

Hapa ndipo wakosoaji wa Francis wanapopata hoja. Shule yake ilizalisha matokeo yaliyowashangaza wengi, lakini ilizalisha pia kundi dogo lililofundishwa kuitazama dunia kwa macho ya London. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kati ya 1955 na 1958, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya uandishi kupambana na urithi huo wa lugha na mtaala, ingawa hakuacha kumtambua Francis kuwa mwalimu wa kiwango cha juu. Na wasichana? Shule yao ya upili, jirani na ya wavulana, ilifunguliwa mwaka 1948, miaka 22 baada ya ile ya kaka zao.

Siasa nazo zilimpa wakati mgumu. Alikuwa mtu wa taratibu, aliyeamini kwamba Mwafrika angefika kwenye uhuru polepole, kupitia maandalizi marefu. Hakuunga mkono Mau Mau hata kidogo. Lakini hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na askari wakaanza kuwatesa watu, alipeleka malalamiko yake kwa wakubwa wa serikali, jambo lililowaudhi Wazungu wenzake. Kwa hiyo alitazamwa kwa shaka na pande zote mbili.

Mchango wake ambao husahaulika mara nyingi ni ule wa mwisho pale Alliance, nao ndio unaohusu zaidi swali la kuanza masomo ya chuo ukiwa bado shuleni.

Makerere, Uganda, ilianza kutoa digrii za Chuo Kikuu cha London mwaka 1950. Mwanafunzi aliyetoka Kenya na Cheti cha Cambridge hakuanza digrii mara moja. Alikaa kwanza miaka miwili ya matayarisho hukohuko Makerere, ndipo aingie katika kozi ya digrii. Shule za Wazungu nchini Kenya hazikuwa na shida hiyo. Shule kama Prince of Wales, Nairobi, zilikuwa na Kidato cha Tano na cha Sita, na vijana wao walifanya kazi hiyo ya matayarisho wakiwa bado katika sare za shule.

Mwaka 1961 Alliance ikapata Kidato cha Tano. Ghafla mvulana Mwafrika angeweza kuchagua masomo makuu, kwa kawaida matatu, ya sayansi au ya fasihi na historia, na kuyachimba kwa miaka miwili kuelekea Cheti cha Juu cha Shule. Akifaulu, alivuka yale matayarisho ya Makerere na kuanza digrii ya miaka mitatu. Kwa maneno mengine, kazi iliyokuwa ya chuo ikahamia shuleni, na nafasi chache za chuo zikabaki kwa wanaosomea digrii yenyewe. Kwa nchi iliyokuwa imebakiza miaka miwili kupata uhuru, ikiwa na madaktari na wahandisi Waafrika wa kuhesabika kwa vidole, hesabu hiyo haikuwa ya mchezo.

Baadaye shule nyingine nyingi zilifungua vidato hivyo. Mfumo huo ulidumu hadi 1989, pale watahiniwa wa mwisho wa Kidato cha Sita walipofanya mtihani mwaka mmoja na wa kwanza wa KCSE. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliondoa vidato viwili vya juu na kuirefusha digrii ya kawaida kuwa ya miaka minne. Kilichokuwa kimeshushwa shuleni kikarudishwa chuoni. Uchaguzi wa kina uliokuwa ukifanywa Kidato cha Tano ukageuka kuwa uchaguzi mwepesi wa Kidato cha Tatu, ambapo wanafunzi wengi waliacha fizikia mapema kwa hofu tu, wakajifungia mlango wa uhandisi bila kujua. Sekondari ya juu ya sasa inajaribu kurudisha ule ubobezi wa masomo matatu, safari hii kwa mtoto mdogo zaidi, na katika shule za kila kata badala ya moja ya Kikuyu.

Francis alistaafu Alliance mwaka 1962. Orodha ya waliopita mikononi mwake ilikuwa tayari inatisha: Ronald Ngala wa Pwani na wengine wengi walioingia katika Bunge na Baraza la Mawaziri. Angeweza kurudi Cambridge, au kukubali wadhifa wa ushauri serikalini na kiti cha heshima.

Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya upili ya huko, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Wanafunzi wa Pumwani hawakuwa wale waliochujwa nchi nzima kwa mtihani mkali. Walikuwa watoto wa mtaani ambao shule kubwa ziliwaacha, na kuwafundisha aljebra kulitaka subira ambayo Alliance haikuwahi kumdai.

Alifariki Nairobi mnamo Julai 1966, akiwa bado mwalimu wa Pumwani. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakati huo wamegawanyika vibaya. Odinga alikuwa ametoka KANU miezi mitatu tu kabla ya hapo na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, ilhali wengine walikuwa wamekalia viti vya uwaziri upande wa pili wa Bunge.