Fausto Coppi: Aliyeishinda milima ya Alps akaangushwa na mbu

ASUBUHI ya Juni 1, 1953, washiriki wa Giro d'Italia, mashindano makuu ya baiskeli ya kuizunguka Italia, waliondoka mjini Bolzano wakielekea mlima ambao mashindano hayo hayakuwa yamewahi kuupanda tangu yaanzishwe mwaka wa 1909. Mlima huo ni Stelvio. Siku mbili tu za mbio zilikuwa zimesalia, hiyo ikiwemo, na kileleni theluji ilikuwa ingali imerundikana kandokando ya barabara mithili ya kuta.

Aliyevaa jezi ya waridi, ambayo huvaliwa na anayeongoza mashindano hayo, alikuwa Hugo Koblet wa Uswizi, kijana mtanashati aliyekuwa amekwisha kulitwaa taji hilo mwaka wa 1950. Alikuwa mbele ya Fausto Coppi wa Italia kwa dakika moja na sekunde 59. Coppi alikuwa na umri wa miaka 33, na wengi, wakiwemo Waitalia wenzake, walidhani amekwisha kusalimu amri.

Barabara ya Stelvio ilijengwa na mhandisi Carlo Donegani kati ya mwaka wa 1820 na 1825, wakati eneo la Lombardy lilipokuwa chini ya milki ya Austria. Kutoka kijiji cha Prato, barabara hiyo hupanda kwa takriban kilomita 24 na kupinda katika kona 48 kali kabla ya kufika kileleni, mita 2,758 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka wa 1935 milima hiyo imekuwa sehemu ya Hifadhi ya Kitaifa ya Stelvio, makao ya paa, mbuzi wa milimani na tai. Wakati wa baridi barabara hufungwa kabisa kwa ajili ya theluji.

Inasimuliwa kwamba kabla ya mpando mkali kuanza, Coppi alimtuma msaidizi wake, Ettore Milano, amsogelee Koblet na kumtazama machoni. Milano alirejea na habari kwamba macho ya Mswizi huyo yalikuwa ya mtu aliyechoka. Hazikupita saa nyingi kabla ya habari hiyo kuthibitika.

Kijana Nino Defilippis ndiye aliyeanza kuchomoka katika kundi, na Koblet akafanya kosa la kumfukuza. Coppi alisubiri. Zikiwa zimesalia takriban kilomita 11 kufika kileleni, alikanyaga pedeli kwa nguvu na kuondoka peke yake, kona baada ya kona, hewa ikizidi kuwa nyepesi na baridi ikizidi kuuma. Alipofika Bormio, upande wa pili wa mlima, hakuna aliyekuwa karibu naye. Koblet aliwasili dakika tatu na sekunde 28 baadaye. Kesho yake, jijini Milan, Coppi alitawazwa bingwa wa Giro d'Italia kwa mara ya tano, akiwa mbele kwa dakika moja na sekunde 29.

Huo ndio ushindi uliolifunga jina lake na mlima. Hata hivyo, anayemkumbuka Coppi wa Stelvio hawezi kuusahau mwisho wake, kwa kuwa miaka sita na nusu baadaye bingwa huyo alifariki kutokana na maradhi ambayo tiba yake ilikuwa imejulikana kwa karne kadhaa.

Mchukuzi wa nyama

Angelo Fausto Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919, katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya mkoa wa Piedmont, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mtoto wa nne miongoni mwa watano wa mkulima Domenico Coppi na mkewe Angiolina. Alikuwa mwembamba, mwenye afya dhaifu, na shule haikumvutia. Akiwa na umri wa miaka 13 aliacha masomo na kuajiriwa katika duka la nyama mjini Novi Ligure, ambako kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Ami yake, nahodha wa meli ambaye pia aliitwa Fausto, alimsaidia kwa fedha za kununua baiskeli ya mashindano. Katika mji huohuo alikutana na Biagio Cavanna, mkandaji wa wanamichezo aliyekuwa kipofu. Cavanna alimpapasa kijana huyo misuli na kutambua kwamba ndani ya mwili ule uliokonda mlikuwa na moyo na mapafu yasiyo ya kawaida. Akawa mwalimu wake wa mazoezi, chakula na nidhamu.

Mwaka wa 1940 Coppi alisajiliwa na timu ya Legnano ili amsaidie nyota wake, Gino Bartali. Bartali alipoanguka na kuumia katika Giro ya mwaka huo, msaidizi akawa tegemeo la timu. Coppi alishinda akiwa na umri wa miaka 20, na hakuna aliyewahi kulitwaa taji hilo akiwa mdogo kuliko yeye. Mashindano yalimalizika Juni 9. Kesho yake, Italia ikatangaza kuingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Vita vilimnyang'anya miaka ambayo mwanamichezo huwa katika kilele cha nguvu zake. Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli jijini Milan, aliweka rekodi ya dunia ya kuendesha baiskeli kwa saa moja. Rekodi hiyo, ambayo hatimaye ilisajiliwa kuwa kilomita 45.798, ilidumu hadi mwaka wa 1956 ilipovunjwa na Mfaransa Jacques Anquetil. Lakini miezi michache baada ya kuiweka, Coppi alipelekwa Tunisia akiwa askari wa miguu, na Aprili 1943 akatekwa na Waingereza. Alikaa kizuizini Afrika Kaskazini hadi aliporudishwa Italia mwaka wa 1945.

Mshindani na ndugu

Taifa alilolirudia lilikuwa limebomoka, na katika umaskini ule wa baada ya vita mbio za baiskeli zikawa faraja ya wengi. Italia iligawanyika katika kambi mbili. Bartali, mcha Mungu na mtu wa desturi, alipendwa na wahafidhina. Coppi, mkimya aliyeuchukulia mchezo kama sayansi, alionekana kuwa mtu wa zama mpya.

Juni 10, 1949, katika hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo, Coppi aliwaacha wenzake katika mlima wa kwanza kati ya mitano na kuendesha peke yake kwa kilomita 192. Bartali, aliyekuwa wa pili, alifika karibu dakika 12 baadaye. Mwezi uliofuata Coppi alishinda Tour de France pia, akawa mtu wa kwanza kuyatwaa mashindano hayo mawili katika mwaka mmoja. Alirudia ufanisi huo mwaka wa 1952. Fauka ya hayo, alishinda Milan–San Remo mara tatu, mbio za Lombardy mara tano, na Paris–Roubaix mwaka wa 1950.

Sifa hizo hazikukosa doa. Kama wengi wa enzi yake, Coppi alitumia dawa za kusisimua mwili, na alikiri hadharani. Wakati huo mchezo haukuwa na kanuni za kuzipiga marufuku.

Wala furaha yake haikudumu. Mdogo wake, Serse, naye alikuwa mwanabaiskeli, na ndiye aliyekuwa msiri na mchangamshi wake. Juni 29, 1951, katika mbio za Piedmont, Serse alianguka jijini Turin baada ya gurudumu lake kunaswa katika reli za tramu. Aliinuka na kumaliza mbio, lakini akafariki siku hiyohiyo. Fausto alitaka kuuacha mchezo. Alishawishiwa kushiriki Tour de France iliyoanza siku chache baadaye, na katika joto la kusini mwa Ufaransa akaishiwa nguvu kabisa.

Mwaka wa ushindi wa Stelvio ndio pia ulioanzisha dhoruba katika nyumba yake. Alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Lugano, Agosti 1953, alionekana na Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja. Magazeti yalimbandika bibi huyo jina la Mwanamke wa Vazi Jeupe. Coppi alikuwa na mke, Bruna, na binti, Marina. Nchini Italia wakati huo talaka haikuruhusiwa na uzinzi ulikuwa kosa la jinai. Occhini aliwekwa rumande, Coppi akanyang'anywa pasipoti, na mwaka wa 1955 mahakama iliwapata wote wawili na hatia na kuwapa vifungo vilivyoahirishwa. Mwana wao, Faustino, alizaliwa nchini Argentina mwaka huohuo.

Safari ya mwisho

Coppi aliendelea kushindana hata umri ulipomtupa mkono. Desemba 1959 alisafiri hadi Volta ya Juu, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mwaliko wa Rais Maurice Yaméogo. Aliandamana na Anquetil, Raphaël Géminiani na Wafaransa wengine. Walishindana na waendeshaji wa huko jijini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu walikuwa tele.

Siku chache baada ya Krismasi, kila mmoja akiwa kwao, wote wawili walishikwa na homa kali. Nchini Ufaransa, Géminiani alipimwa damu ikapatikana na vijidudu vya malaria aina ya falciparum, ile inayoua. Alipewa kwinini, na baada ya kupoteza fahamu kwa siku kadhaa, akapona. Nchini Italia, madaktari waliomtibu Coppi waliamini kwamba ni mafua na ugonjwa wa mapafu. Inasimuliwa kwamba jamaa za Géminiani walipiga simu kueleza yaliyobainika Ufaransa, lakini ushauri wao haukufuatwa. Coppi alifariki katika hospitali mjini Tortona asubuhi ya Januari 2, 1960, akiwa na umri wa miaka 40.

Kinachotia uchungu ni kwamba Italia haikuwa ngeni kwa malaria. Jina lenyewe la maradhi hayo limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Mtaalamu wa nchi hiyo, Giovanni Battista Grassi, ni miongoni mwa waliothibitisha, mwaka wa 1898, kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye huwaambukiza binadamu. Kwa miongo mingi serikali iligawa kwinini kwa wakulima wa mabondeni. Lakini kufikia mwaka wa 1960 ugonjwa ulikuwa umekaribia kutokomezwa nchini humo, na yumkini ndiyo sababu haukuwajia akilini waliosimama kando ya kitanda cha bingwa. Uvumi uliozuka mwaka wa 2002 kwamba alilishwa sumu barani Afrika ulichunguzwa, na haukupata ushahidi wa kuusimamisha.

Maelfu ya watu walipanda vilima vya Castellania kumzika. Amelala kando ya Serse. Kijiji hicho, ambacho wakazi wake ni wachache mno, kilibadilishwa jina mwaka wa 2019, karne moja baada ya kuzaliwa kwake, na sasa kinaitwa Castellania Coppi. Géminiani aliishi hadi Julai 2024, akafariki akiwa na umri wa miaka 99. Wanaume wawili waliumwa na mbu katika chumba kimoja, kimojawapo cha vipimo vya damu kikampa mmoja wao zaidi ya miaka 64 ya ziada.

Tangu mwaka wa 1965, kilele kilicho juu zaidi katika kila Giro d'Italia huitwa Cima Coppi, yaani Kilele cha Coppi. Kila mashindano hayo yanapopita Stelvio, heshima hiyo huwa ya mlima huo. Na mara moja kwa mwaka magari huzuiwa kuingia katika barabara ile ya hifadhi, ikaachiwa waendeshaji baiskeli peke yao, wazee kwa vijana, wakizihesabu kona zile 48 alizozipanda mchukuzi wa nyama wa Novi Ligure.