Wilbur Wright: Fundi wa Majira ya Baridi

Soma wasifu ufuatao kisha ujibu maswali.

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na kijiji cha Millville, jimbo la Indiana, nchini Marekani. Babake, Milton, alikuwa mhubiri ambaye baadaye alifanywa askofu, na kazi yake iliifanya familia kuhamahama. Mamake, Susan, alikuwa binti ya fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, na ndiye aliyekuwa na mkono wa ufundi nyumbani. Mwaka wa 1878 baba alirejea kutoka safarini na kidude cha kuchezea kilichoruka kwa nguvu ya ukanda wa mpira uliosokotwa. Wilbur, aliyekuwa na umri wa miaka 11, na nduguye Orville, aliyekuwa na miaka 7, walikirusha hadi kikavunjika. Kisha wakajitengenezea vingine.

Wilbur alikuwa mwanafunzi hodari. Hata hivyo, mwaka wa 1884, alipokuwa amekaribia kuhitimu shule ya sekondari, familia ilihamia mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Alikuwa amemaliza masomo yake, lakini hakupewa cheti. Hilo halikumvunja moyo. Aliendelea kusoma akinuia kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale.

Ndoto hiyo ilizimwa na baridi. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1885 kuingia 1886, Wilbur alikuwa akicheza mpira wa magongo juu ya barafu alipopigwa gongo usoni. Meno yake ya mbele yaling'oka. Baadaye moyo ukaanza kumsumbua, naye akazama katika huzuni. Mipango ya chuo kikuu ikafa. Kwa takriban miaka 3 alikaa nyumbani akimuuguza mamake aliyekuwa na kifua kikuu. Kila siku alimbeba kumteremsha ngazi asubuhi na kumpandisha usiku. Muda uliobaki aliutumia kusoma vitabu vya babake, kimoja baada ya kingine. Mama huyo aliaga dunia mwezi wa Julai 1889. Wilbur alikuwa na miaka 22, hana cheti, hana kazi maalum, na wenzake wengi walikuwa wamemwacha nyuma.

Ndugu hao wawili walianza na kazi ya kupiga chapa, wakachapisha gazeti dogo la mtaani. Mwaka wa 1892 wakafungua duka la kuuza na kukarabati baiskeli, na baada ya miaka michache wakawa wanaunda baiskeli zao wenyewe. Biashara hii ilikuwa na msimu. Watu walinunua baiskeli wakati wa joto, lakini theluji ilipofunika barabara za Dayton, wateja walipungua sana. Kwa wenye maduka, baridi ilikuwa wakati wa ukata. Kwa Wilbur, ikawa wakati wa kazi nyingine.

Mnamo Agosti 1896, Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa akiruka kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka na kufa. Habari hizo zilimgusa Wilbur, akaanza kutafuta vitabu kuhusu ndege. Tarehe 30 Mei 1899 aliiandikia Taasisi ya Smithsonian jijini Washington kuomba maandishi yaliyokuwepo. Alipoyasoma alibaini jambo ambalo wengi walikuwa wamelipuuza. Wengi walihangaikia nguvu ya kuinua chombo, ilhali tatizo kubwa lilikuwa jinsi ya kukiongoza kikiwa hewani. Wilbur aliwatazama ndege wakipinda ncha za mabawa ili wasipinduke. Siku moja dukani, alipokuwa akichezea sanduku tupu la karatasi lililokuwa na mpira wa baiskeli, aliona jinsi mabawa ya chombo yangeweza kupindwa vivyo hivyo.

Mwaka wa 1900 na 1901 ndugu hao walijaribu ndege zisizo na injini kwenye vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, ambako upepo ni mwingi. Ndege ya 1901 iliwavunja moyo. Nguvu yake ya kuinuka ilikuwa ndogo mno kuliko hesabu zilivyotabiri. Wilbur alirudi Dayton akiamini kuwa binadamu hangeruka katika uhai wake.

Hapo ndipo alipochukua hatua iliyobadilisha kila kitu: alizitilia shaka takwimu za vitabuni. Katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 1901, yeye na Orville waliunda sanduku refu la mbao la takriban mita 1.8, wakaweka feni upande mmoja. Ndani yake walijaribu maumbo yapatayo 200 ya mabawa madogo ya bati, wakipima kila moja na kuandika matokeo. Waligundua kuwa kipimo kimoja cha shinikizo la hewa, kilichoaminiwa tangu karne ya 18, kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Waliunda ndege mpya ya 1902 kwa kutumia vipimo vyao wenyewe, na huko Kitty Hawk iliruka mamia ya mara kwa utiifu.

Sasa ilibaki injini. Watengenezaji waliowaandikia hawakuwa na injini nyepesi ya kuwafaa. Basi mapema mwaka wa 1903, kungali baridi, fundi wa duka lao, Charlie Taylor, alianza kuiunda kwa mashine chache zilizokuwa karakanani. Kasha lake lilikuwa la alumini ili kupunguza uzito. Iliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Februari. Siku iliyofuata ilikwama na kasha likapasuka. Walilazimika kungojea kasha jingine hadi Aprili.

Wakati huo ndugu hao walikuwa wakibishana kuhusu rafadha, yaani panga zinazozunguka na kuisukuma ndege mbele. Hakuna kitabu kilichoeleza namna ya kuzikokotoa. Walibishana kwa sauti, na mara nyingine kila mmoja akajikuta ameshika hoja ya mwenzake. Hatimaye waliafikiana kuwa rafadha ni bawa linalozunguka, hivyo vipimo vya lile sanduku vingetumika. Wakagandisha mbao kwa gundi na kuchonga kwa mikono rafadha 2, kila moja yenye urefu wa mita 2.6 hivi. Zilizungushwa kwa minyororo kama ya baiskeli. Mabawa yalivikwa kitambaa cha pamba, nayo yalikuwa na upana wa mita 12.3 kutoka ncha hadi ncha. Karakana ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba sehemu ya katikati ya ndege iliziba njia ya kuingilia dukani, na aliyetaka kumhudumia mteja alizunguka nje.

Walifika pwani mwezi wa Septemba 1903, lakini mihimili ya kuzungushia rafadha ilivunjika mara kwa mara. Orville alirudi Dayton kutengeneza mingine ya chuma huku siku zikiyoyoma. Baridi ilizidi kibandani mwao, wakawa wanaupima ukali wa usiku kwa idadi ya mablanketi. Tarehe 14 Desemba walirusha sarafu, Wilbur akashinda zamu ya kwanza. Aliinua pua ya ndege ghafla mno, ikaanguka baada ya sekunde 3 na nusu.

Waliikarabati. Asubuhi ya tarehe 17 Desemba, vidimbwi vilikuwa vimeganda na upepo ulikuwa mkali. Saa 4:35, Orville aliruka kwa sekunde 12 na kufika mita 36 hivi. Watu 5 walishuhudia. Katika safari ya nne, Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kufika mita 260. Muda mfupi baadaye upepo uliipindua ndege na kuivunja. Haikuruka tena, lakini jambo lilikuwa limethibitika. Kazi yote iligharimu chini ya dola 1,000, ilhali mwanasayansi Samuel Langley, aliyepewa dola 50,000 na serikali, ndege yake ilikuwa imetumbukia mtoni siku 9 kabla.

Walirudi Dayton kuiboresha, na kufikia Oktoba 1905 Wilbur aliweza kuruka kwa dakika 39 mfululizo. Wengi hawakuamini hadi tarehe 8 Agosti 1908, aliporuka mbele ya umati karibu na mji wa Le Mans, Ufaransa. Tarehe 31 Desemba mwaka huo, katika baridi kali, alikaa hewani kwa zaidi ya saa 2 na dakika 20.

Umaarufu ulikuja na kesi nyingi za hataza, zilizomchosha na kumnyima muda wa kuvumbua. Mwaka wa 1912 aliugua homa ya matumbo, akafariki tarehe 30 Mei akiwa na umri wa miaka 45. Hakuwahi kuoa. Askofu Milton, aliyekuwa amerushwa na Orville mwaka wa 1910 akiwa na miaka 81, alimzika mwanawe.

Mwaka wa 1969, wanaanga wa kwanza kutua mwezini walibeba kipande cha kitambaa kilichotoka kwenye bawa la ndege ya 1903.

MASWALI

(a) Eleza mambo mawili yaliyomzuia Wilbur kuendelea na masomo ya chuo kikuu. (alama 2)
(b) Msimu wa baridi ulikuwa na manufaa gani kwa ndugu hawa? (alama 2)
(c) Kwa nini ndege ya 1902 ilifaulu kuliko ya 1901? (alama 3)
(d) Thibitisha kuwa Wilbur hakuwa mtu wa kukata tamaa. (alama 4)
(e) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (alama 3)
 (i) ukata
 (ii) kwa utiifu
 (iii) zikiyoyoma
(f) Mtahiniwa anaweza kujifunza nini kutokana na jinsi Wilbur alivyozichukulia takwimu za vitabuni? (alama 1)