Daktari Michel Sarrazin na Mmea Ulao Wadudu

Nataka kuwasimulia maisha ya Daktari Michel Sarrazin. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1659, akafika Kanada mwaka 1685 akawa mpasuaji wa majeshi. Mwaka 1694 alirudi kwao kusomea utabibu na elimu ya mimea, na mwaka 1697 akarejea Quebec.

Wagonjwa walikuwa wengi, lakini kila alipopata nafasi aliingia vinamasini kuchuma mimea, akaipeleka Paris kwa meli kwa mtaalamu Tournefort. Mmea mmoja ulikuwa na majani kama mitungi midogo iliyojaa maji ya mvua. Tournefort akaupa jina la rafiki yake, nao mpaka leo huitwa sarasenia. Mdudu hufuata utamu wa ukingoni, huteleza, na vinyweleo vinavyoelekea chini humzuia kutoka. Hufa maji, akawa chakula cha mmea.

Katika nchi za baridi watu huupanda nje bustanini. Huutilia maji ya mvua, nao hupenda jua. Theluji haiudhuru, baridi ndiyo huupumzisha. Lakini samadi huuua! Mimi nibebaye samadi kila Jumamosi katika shamba la shule nilicheka sana niliposoma hayo.

Daktari alikuwa na umri wa miaka 75, bado akitibu wagonjwa, homa ilipomshika. Alikufa Quebec tarehe 8 Septemba 1734, wala hakuacha mali nyingi. Mwaka 1954 jimbo la Newfoundland lilichagua ua la sarasenia liwe ua lake.