George Bridgetower: Jina Lililofutwa kwenye Tabaruku

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukweli wa methali hii unadhihirika katika maisha ya George Bridgetower, mpiga fidla aliyejipatia kwa vidole vyake nafasi adhimu katika historia ya muziki, kisha akaipoteza kwa ulimi wake.

Bridgetower alizaliwa mwaka wa 1778 katika mji wa Biała, nchini Poland. Babake alikuwa mtu mweusi ambaye asili yake inahusishwa na visiwa vya Karibi, ilhali mamake alikuwa Mzungu. Baba huyo aliwahi kuwa mtumishi katika jumba la mwanamfalme Esterházy, ambako mtunzi mashuhuri Joseph Haydn alikuwa kiongozi wa okestra. Si ajabu basi kwamba mtoto huyo alilelewa katika mazingira ya muziki, na baadaye akatangazwa kuwa mwanafunzi wa Haydn.

Mnamo Aprili 1789, akiwa na umri wa miaka 10, Bridgetower alipiga fidla mbele ya hadhira ya Paris. Mapinduzi yalipozuka Ufaransa mwaka uo huo, baba na mwana walivuka bahari hadi Uingereza. Huko, baba alimtembeza mwanawe kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, huku akijinadi kuwa ni wa ukoo wa kifalme wa Afrika. Hatimaye, Mwanamfalme wa Wales, aliyetawazwa baadaye kuwa Mfalme George wa Nne, alimwondoa kijana huyo mikononi mwa babake na kumgharimia masomo. Bridgetower akawa mpiga fidla wa kwanza katika okestra ya mwanamfalme huyo, kazi aliyoitumikia kwa takriban miaka 14. Ikumbukwe kwamba wakati huo meli za Uingereza zilikuwa zingali zinawasafirisha Waafrika utumwani, biashara ambayo Bunge la nchi hiyo liliipiga marufuku mwaka wa 1807.

Mnamo 1802, Bridgetower aliomba ruhusa ya kumzuru mamake mjini Dresden. Kutoka huko alielekea Vienna, ambako alijuana na Ludwig van Beethoven. Wawili hao walishibana haraka, na Beethoven akaanza kumwandalia sonata ya fidla na piano. Ilichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Mei 1803, saa mbili asubuhi, katika bustani ya Augarten. Wino ulikuwa haujakauka: nakala ya sehemu ya pili haikuwa tayari, ikambidi Bridgetower asome kwenye mswada wa mtunzi mwenyewe. Katika sehemu ya kwanza, alibuni papo hapo jibu la fidla kwa sauti za piano. Beethoven alifurahi mno, akainuka na kumkumbatia. Katika mswada, aliandika kwa mzaha anwani iliyomtaja rafiki yake mpya.

Urafiki huo haukudumu. Kulingana na masimulizi ya Bridgetower mwenyewe, waligombana kwa sababu ya mwanamke. Inasemekana kwamba alitamka neno la kumvunjia heshima mwanamke ambaye Beethoven alimthamini. Sonata ilipochapishwa mwaka wa 1805, ilitabarukiwa mpiga fidla mwingine, Mfaransa Rodolphe Kreutzer. Hapa pana kinaya kikubwa, kwani Kreutzer hakuupenda utungo huo wala hakuwahi kuucheza hadharani. Hata hivyo, ni kwa jina lake unavyojulikana ulimwenguni kote.

Bridgetower hakukata tamaa. Mnamo 1811, Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku shahada ya muziki, na mnamo 1813 alishiriki katika tamasha za Philharmonic Society ya London. Alifariki tarehe 29 Februari 1860 katika mtaa wa Peckham, London, akazikwa Kensal Green.

Beethoven alikuwa na haki ya kumtabarukia amtakaye utungo wake. Hata hivyo, tabaruku huweza kufutwa kwa kalamu, lakini muziki wenyewe hauwezi kumkana aliyeusababisha. Ugumu na ujasiri wa fidla katika sonata hiyo ulikadiriwa kwa uwezo wa mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa Kreutzer.