Kevin Carter: Picha ya Ayod iliyomwandama hadi kufa

MACHI 1993 ndege ya misaada ilitua Ayod, kusini mwa Sudan, katika eneo ambalo vita na njaa vilikuwa vimeua watu wengi. Ndani yake walikuwamo wapigapicha wawili wa Afrika Kusini, Kevin Carter na João Silva, walioanzia safari yao Nairobi.

Jirani na kituo cha chakula, Carter alimkuta mtoto aliyedhoofu akiwa ameinama hadi chini. Nyuma yake alikuwa ametua tumbusi, ndege mla mizoga. Carter alisubiri kama dakika 20 akitumaini ndege huyo angekunjua mabawa. Hakukunjua. Akapiga picha, akamfukuza, kisha akaketi chini ya mti akalia.

Carter alizaliwa Johannesburg mwaka 1960, katika familia ya Wazungu. Aliacha masomo ya ufamasia, akaingia jeshini, na huko alipigwa na wenzake kwa kumtetea mhudumu Mweusi. Mwaka 1983 alianza kupiga picha za michezo, kisha akahamia kwenye machafuko ya vitongoji vya Weusi. Yeye, Silva, Greg Marinovich na Ken Oosterbroek walijulikana kama Bang-Bang Club.

Lawama hazikuwa ngeni kwake. Katikati ya miaka ya 1980 alipiga picha za mtu akichomwa moto kwa tairi shingoni, na alijiuliza mwenyewe alikuwa akifanya nini pale. Jibu alilolipata ni kwamba picha zile ziliwafanya watu wazungumzie ukatili huo.

Jibu hilo halikutosha kwa Ayod. Gazeti la The New York Times lilichapisha picha Machi 26, 1993, na wasomaji wengi wakauliza hatima ya mtoto. Siku chache baadaye gazeti lilieleza kuwa alipata nguvu ya kuendelea na safari, lakini halikujua kama alifika kituoni. Aprili 1994 picha ikashinda tuzo ya Pulitzer, na lawama zikaongezeka. Wapo waliomfananisha mpigapicha na yule tumbusi. Hata baadhi ya marafiki zake walihoji kwa nini hakumsaidia mtoto.

Carter alijibu kwa kueleza alivyomfukuza ndege na alivyolia. Yalikuwa majibu kuhusu Carter, ilhali watu walikuwa wakiuliza kuhusu mtoto. Jina lake hakulichukua, wala la mzazi wake. Silva alieleza baadaye kwamba wazazi walikuwa wamewaacha watoto kwa muda mfupi, wakikimbilia chakula kilichoshushwa kwenye ndege. Maelezo hayo, kama yangechapishwa pamoja na picha, yangebadili maswali ya wengi.

Siku sita baada ya tuzo kutangazwa, Oosterbroek aliuawa kwa risasi Thokoza. Julai, Carter alitumwa Msumbiji, na aliporudi alisahau filamu zake zote kwenye kiti cha ndege kabla hazijasafishwa. Hazikupatikana tena. Julai 27, 1994 alijitoa uhai akiwa na miaka 33. Barua aliyoacha ilitaja ukosefu wa fedha, kumbukumbu za mauaji na kifo cha Ken. Kwa hiyo wanaosema aliuawa na lawama za picha moja wanasimulia sehemu tu ya habari.

Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la El Mundo la Hispania walikwenda Ayod na picha mkononi. Familia iliwaambia mtoto alikuwa wa kiume, alipona njaa ile, na alifariki kwa homa takriban miaka minne kabla ya ziara yao. Bangili ya plastiki ya kituo cha chakula ilikuwa inaonekana mkononi mwake tangu siku picha ilipochapishwa.

Ilichukua miaka 18 kwa mtu kwenda kuwauliza wenyeji. Leo Ayod iko Jimbo la Jonglei, Sudan Kusini, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Njaa na vita vimerudi huko zaidi ya mara moja, na wapigapicha bado wanakwenda. Kuuliza jina na kuliandika huchukua muda mfupi kuliko zile dakika 20.